Kipya Kinyemi, Lakini Nani Atakifungua?

Walimu wangu watukufu na wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, nimeomba nafasi katika jarida letu la mwaka huu nitoe maoni juu ya jambo ambalo najua litawafanya baadhi yenu mkunje nyuso: mashine za kuchezea gemu. Nivumilieni kidogo. Sikuja kuwatetea wale watoro wanaojificha vibandani ilhali wenzao wako darasani. Hao watajitetea wenyewe mbele ya naibu wa mwalimu mkuu. Nimekuja kuitetea mashine yenyewe, tena ile kuukuu ambayo siku hizi kila mpita njia anaicheka.

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwetu nyumbani tumeuonja unyemi wenyewe, na hadi leo tunakiuguza kidonda.

Watu wakisikia Kericho hufikiri ni majani chai kutoka pembe hadi pembe. Chai iko kule juu kwenye baridi. Sisi wa Soin tuko bondeni, jua linawaka, vumbi linapanda, na ukiteremka kidogo unaanza kuona miwa. Katika senta yetu kaka yangu mkubwa ana kibanda cha gemu. Ni kibanda cha mabati, benchi mbili, pazia la gunia mlangoni na runinga tatu nene za zamani. Kila runinga ina mashine yake ya PlayStation 2, ile aina nyembamba. Ya kwanza ilinunuliwa Kisumu mwaka 2014, mkono wa pili, mimi nikiwa bado mtoto wa nasari.

Pesa zilitoka wapi? Baba alikuwa mchumaji wa majani chai katika shamba moja kubwa kule juu. Mashine za kuchuma zilipoingia, mikono ya watu ikapunguzwa, na baba akarudi nyumbani na malipo yake ya mwisho. Mama alitaka ng'ombe. Kaka alitaka mashine ya gemu. Baba, kwa kuwa hapendi ugomvi, akanunua vyote viwili: ndama jike mmoja, na hiyo mashine pamoja na runinga. Majirani wakamcheka, ati mzee amenunulia watoto kitu cha kuchezea kwa pesa za jasho. Ndama alikufa kwa homa ya kupe mwaka uliofuata. Mashine inafanya kazi hadi leo.

Tulianza kwa bob 5 kila mchezo, sasa ni bob 10. Pesa zangu za chakula cha mchana hapa shuleni zinatoka pale. Sare hii niliyovaa imetoka pale. Kwa hivyo mwalimu akisema vibanda vya gemu vinaharibu masomo ya watoto, mimi huinamisha kichwa na kunyamaza, maana kwangu mimi kibanda ndicho kinacholipa.

Sasa nije kwenye kidonda. Mwaka jana jamaa mwingine alifungua kibanda ng'ambo ya barabara, chenye runinga bapa na mashine ya kizazi kipya. Wateja wetu wakahama kama nzige. Waliobaki walikuwa watoto wa darasa la nne na mzee mmoja anayependa mbio za magari. Wengine walikuwa wakipita mlangoni wakiuliza kwa sauti kama hapa ni makumbusho ya taifa. Kaka aliumia. Akakopa shilingi 15,000 kutoka chama cha akina mama ambamo mama yetu ni mwanachama, akaongeza akiba yake yote, akaenda mjini na kurudi na mashine ya kisasa, nayo mkono wa pili. Chapa yake sitaji, na duka pia silitaji, kwa sababu sina kesi na mtu.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa sherehe. Kibanda kilijaa pomoni hadi watu wakawa wanachungulia dirishani. Lakini mambo yakaanza kujitokeza polepole. Unatia CD mpya, unafikiri utacheza, kumbe mashine inataka kwanza ipakue vitu kutoka kwenye intaneti. Kaka akawa ananunua bando kila siku, na mtandao wa huku bondeni mnaujua wenyewe. Siku moja wateja walikaa saa mbili wakitazama mstari ukisogea kwenye kioo, kisha wakaondoka bila kulipa hata senti. Bwana, hiyo siku kaka hakula.

Halafu ikaja radi. Kericho nzima inafahamika kwa ngurumo na mvua ya mawe, na usiku mmoja wa mwezi wa Aprili stima iliruka katika senta yote. Asubuhi tulikuta mashine zote nne zimezima. Tulibeba zote hadi kwa fundi. Nawaomba msikilize vizuri hapa, kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu ya meza ya huyo fundi.

PlayStation 2 nyembamba za aina yetu hupata umeme kupitia adapta iliyo nje, inayotoa volti 8.5. Radi ilizichoma adapta. Mashine zenyewe zilikuwa salama salimini. Fundi alipata adapta mbili kwenye katoni yake na ya tatu tukanunua siku ya soko kwa shilingi 600. Wiki hiyo hiyo watoto wa darasa la nne walikuwa wamerudi kwenye benchi. Ile ya kisasa aliifungua kwa shida, maana misumari yake si ya bisibisi ya kawaida, akaitazama kwa kioo cha kukuzia, akatikisa kichwa. Umeme ulikuwa umeingia hadi kwenye bodi kuu. Akasema kifaa kilichoungua kinahitaji mitambo ambayo yeye hana, kwamba labda Nairobi, kwamba gharama yake inakaribia bei ya kununua nyingine. Alituambia kwa upole kama daktari anayewaambia watu wa mgonjwa. Deni la chama bado lipo. Mama siku hizi akienda mkutanoni huketi karibu na mlango.

Najua wasomaji wengine wameshasema, "Aa, ni radi tu, radi haichagui." Ni kweli, haikuchagua. Usiku ulikuwa mmoja na senta ni moja. Tofauti ni kwamba moja ilipigwa mahali ambapo mtu wa Soin anaweza kufika kwa mkono wake, na nyingine ikapigwa mahali ambapo hawezi.

Si sisi peke yetu tulioona uimara wa hizi mashine za zamani. PlayStation 2 ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000 na ikaendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa mwaka 2013. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150, na ndiyo maana vipuri vyake havijakwisha: ukienda Luthuli Avenue kule Nairobi bado utapata mtu mwenye jicho lake au padi yake. Kabla yake kulikuwa na Famicom ya Nintendo, ile ya kaseti, ambayo huenda baadhi ya walimu wetu waliona miigo yake enzi zao. Ilianza kuuzwa mwaka 1983, ikatengenezwa kwa miaka 20, na kampuni ikaendelea kuipokea kwa matengenezo hadi mwaka 2007, ilipositisha kwa kukosa vipuri. Kaseti haina kitu kinachozunguka ndani. Unaichomeka, basi. Ikigoma unasafisha meno yake ya shaba na kujaribu tena. Kuna pia Game Boy ya mwanajeshi mmoja wa Marekani iliyoungua wakati wa vita vya Ghuba, plastiki ikayeyuka kama mshumaa, na bado ikawaka. Kwa miaka mingi iliwekwa katika duka la Nintendo mjini New York watu waione ikicheza Tetris.

Upande wa pili, Xbox 360 ilipotoka mwaka 2005, nyingi zilikufa mapema kiasi kwamba mwaka 2007 kampuni ya Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya matengenezo na kurefusha dhamana hadi miaka mitatu. Mwenye dhamana alirudisha yake akatengenezewa. Mtu aliyenunua mkono wa pili, kibandani, mbali kabisa na kampuni, angeirudisha kwa nani?

Hata hivyo sitaki kuwadanganya. Kuna hoja moja iliyonisumbua kwa muda mrefu, na naona nikiificha nitakuwa ninauza mbuzi kwenye gunia.

Kogo wangu husema watu wa zamani waliishi miaka mingi kwa sababu ya wimbi na mursik. Siku moja nikamwuliza, "Kogo, mlizaliwa wangapi kwenu?" Akasema tisa. "Waliofika utu uzima ni wangapi?" Akahesabu kwa vidole, akasema wanne. Basi hao watano hawapo wa kutuambia lolote kuhusu mursik. Tunawaona waliopona tu, tunasema ya kale ni dhahabu.

Mashine ni vivyo hivyo. Tukiona PlayStation 2 moja inacheza baada ya miaka 20 tunapiga makofi, lakini ziko wapi zile nyingine? Nilienda kuangalia. Ziko chini ya meza ya fundi, ndani ya katoni tatu. Na nikafanya hesabu ya kwetu pia: kaka amenunua PlayStation 2 tano kwa jumla. Zilizo hai ni tatu. Kwa hivyo anayewaambia kuwa mashine za zamani hazifi anawatania. Zinakufa. Vumbi la huku ni adui mkubwa, linatanda kwenye lile jicho linalosoma CD mpaka linakuwa kama mzee mwenye mtoto wa jicho. Kapasita huchoka. Padi ndizo zinazoteseka kuliko kitu chochote, kwa sababu mtu akifungwa bao anaitupa chini kana kwamba ndiyo golikipa.

Lakini hizo mbili zilizokufa hazikutupwa. Moja ilitoa jicho, nyingine ikatoa feni na kifuniko, na leo mashine yetu ya tatu ina kiwiliwili cha huyu na jicho la yule. Hapo ndipo nilipofikia maoni yangu, na ni tofauti na yale niliyokuwa nayo nilipoanza kuandika insha hii. Uzuri wa mashine kuukuu si kwamba ina nguvu kuliko mpya. Uzuri wake ni kwamba inafunguka, na ikifa inamsaidia mwenzake aishi.

Majicho yalipoanza kwisha nguvu, fundi alituonyesha ujanja mwingine. Gemu huwekwa kwenye flashi, flashi inachomekwa kwenye mashine, na programu ndogo iliyo kwenye memori kadi inaianzisha bila CD kabisa. Mlango wa flashi katika mashine hizo ni wa aina ya zamani, ni mwepesi wa kuchelewa, kwa hivyo zile picha za mwanzo wa gemu hukwama-kwama kama gari la matope. Mpira wenyewe unachezeka vizuri. (Najua mwalimu wa somo la biashara atauliza kuhusu hakimiliki. Swali ni halali, na kwa kweli sina jibu litakalomfurahisha.) Mbili kati ya mashine zetu tatu zinaishi kwa njia hiyo tu.

Sasa linganisheni na mpya. Gemu ya magari iitwayo The Crew ilitoka mwaka 2014, watu wakainunua kwa pesa zao. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima mitambo iliyokuwa ikiiendesha, na tangu hapo CD ya gemu hiyo ni ya kutishia kunguru shambani. Nintendo nao walifunga duka lao la intaneti la mashine za Wii U na 3DS mwezi Machi 2023. Ambaye hakuwa amenunua kitu mle hakinunui tena. Mwaka 2021 watu waligundua kwamba PlayStation 4, kibetri chake kidogo cha saa kikifa na ikakosa kuwasiliana na mitambo ya kampuni, hukataa kucheza hata CD halisi uliyoitia. Kibetri chenyewe ni kama kile cha kikokotoo! Sony walitoa programu ya kutibu hilo mwezi wa Septemba mwaka huo huo, na nawapongeza. Lakini yaani unaweza kuwa na mashine mkononi, CD mkononi, stima ipo, na bado ruhusa ya kucheza iko ng'ambo ya bahari.

Mashine mpya zina mazuri yake, sikatai. Picha zake ni za kuduwaza, nyasi za uwanjani unaziona moja moja. Runinga zetu nene nazo zinakula tokeni za stima bila huruma. Na mabadiliko mengine yalikuja kwa sababu njema. Tangu Julai 2006 nchi za Ulaya zilipiga marufuku risasi katika vifaa vingi vipya vya umeme, kwa kuwa risasi ni sumu; lehemu ya siku hizi haina risasi na huhitaji moto mkali zaidi kuyeyuka, takriban nyuzi 217 badala ya 183. Fundi wetu analalamika kwamba inamchosha. Mimi nasema heri achoke kuliko augue, na nikishika ile ya zamani hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote.

Ndiyo, huwa naishika. Tangu likizo ya Aprili nimekuwa nikienda kwa fundi kila Jumamosi baada ya kuchota maji. Mara ya kwanza aliniuliza, "Wewe msichana, umetumwa na nani?" Nikamwambia nimejituma. Alinipa redio iliyokufa niifungue na kuifunga mara tano bila kupoteza msumari. Mara ya sita akanipa chuma cha kulehemu. Wavulana wa darasa letu wakasikia, sasa wananiita Injinia, na hawaniiti kwa heshima. Lakini fundi ana miaka zaidi ya 60, macho yake yenyewe yanataka kioo cha kukuzia, na sijaona kijana mwingine hata mmoja kwenye ile benchi yake. Watu wa senta wanamletea simu, redio, pasi na taa za sola. Siku atakapofunga duka, hata hicho kisichofia kwenye bodi kuu kitakuwa maiti, kwa kukosa mtu wa kukifungua.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa walimu wetu wa fizikia. Katoni tatu za fundi zimejaa mashine zilizokufa, na amesema atatupatia moja bure kama shule itaituma kwa barua. Ndani yake mna mota, lenzi, feni, kapasita na vipinga vya kila namna. Tunachora lenzi ubaoni, na katika darasa letu sijui ni wangapi wameshawahi kuona moja ikisogea kufuata duara la CD.

Na nina ombi lingine kwa mtu mmoja ambaye si mwanafunzi wa shule hii, ila najua jarida litamfikia kwa sababu nitalipeleka mwenyewe. Kaka amepanga kuuza mashine zote tatu pamoja na mbuzi wawili, alipe nusu ya deni, na nusu ile nyingine iwe malipo ya kwanza ya mashine nyingine ya kisasa. Mnunuzi kutoka Sondu amesema atakuja siku ya soko. Baba ameduwaa tu, hasemi. Mama anasema mkubwa ndiye anayejua. Mimi nimepiga hesabu kwenye daftari langu: mashine tatu kuukuu, hata kwa wateja wa darasa la nne na yule mzee wa magari, zinaweza kulimaliza deni la chama kwa miezi kumi, mbuzi wakiwa bado zizini.

Kaka, ukifika hapa, ile memori kadi uliyokuwa ukiitafuta tangu Jumapili haikupotea. Iko ndani ya mkebe wangu wa jometri, chini ya bikari. Bila hiyo mnunuzi atawasha mashine mbili na hataona gemu hata moja. Njoo tuongee kwanza, nitakuonyesha hesabu.